Vipande vya vimondo vilivyoshuhudiwa vikianguka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya yameandikwa kwa ajili ya msomaji anayetaka kukusanya vipande vya vimondo vya kihistoria, au anayetaka tu kuelewa kwa nini maabara na makumbusho huvithamini sana. Mfano utakaorudiwa mara nyingi ni kimondo cha Ivuna, kilichoanguka kusini-magharibi mwa Tanzania, kwa sababu karibu kila jambo la msingi katika fani hii linaonekana kwacho.

Kimondo kilichoshuhudiwa ni kipi?

Ni kimondo ambacho watu walikiona au kukisikia kikishuka, kisha mawe yake yakaokotwa na kuthibitishwa kuwa yanatokana na tukio hilohilo. Vimondo vingine vyote huhesabiwa kuwa vya kuokotwa, yaani viligunduliwa ardhini bila mtu yeyote kujua vilianguka lini. Kimondo maarufu cha Mbozi, lile pande kubwa la chuma ambalo wanafunzi na watalii hupelekwa kulitazama mkoani Songwe, kimo katika kundi hilo la pili, kwani hakuna kumbukumbu ya siku kilipoanguka. Orodha ya kimataifa inayotunzwa na Meteoritical Society, jumuiya ya kimataifa ya watafiti wa vimondo, huonyesha kwa kila kimondo kama kilishuhudiwa au kiliokotwa tu, na huko ndiko mkusanyaji anapaswa kuanzia kabla hajatoa hata shilingi moja.

Kwa nini tarehe ya kuanguka iwe na uzito kiasi hicho?

Sababu ya kwanza ni usafi wa jiwe. Kimondo kinapogusa ardhi huanza kuharibika mara moja: unyevu huingia, chuma hushika kutu, chumvi za udongo hupenya kwenye nyufa, na bakteria hujenga makazi. Majangwa ya Oman, ambako watafiti wa nchi hiyo na wenzao wa Uswisi wamekuwa wakikusanya vimondo tangu mwaka 2001, yametoa mawe mengi muhimu, lakini mengi kati yake yalikaa juu ya ardhi kwa maelfu ya miaka. Jiwe lililookotwa saa chache baada ya kuanguka linasimulia habari za anga bila kuchanganyika sana na habari za dunia.

Sababu ya pili haisemwi mara nyingi, nami naiona kuwa nzito zaidi. Kimondo kikiwa bado angani hupigwa na mionzi ya kosmiki, na mionzi hiyo inapogonga atomi za chuma na nikeli huzalisha isotopu zenye unururifu, yaani atomi zisizo imara ambazo huoza polepole, mojawapo ikiwa titaniamu-44, ambayo hupungua kwa nusu kila baada ya takriban miaka 60. Siku kimondo kinapoanguka, angahewa letu hukikinga na uzalishaji huo hukoma. Kwa hiyo mtafiti anayeijua siku hiyo anaweza kupima kiasi kilichobaki, akarudi nyuma kwa hesabu, na kujua mionzi ilikuwa na nguvu gani katika miongo iliyotangulia kuanguka. Na kwa kuwa nguvu za sumaku za jua ndizo zinazozuia sehemu ya mionzi hiyo isitufikie, jiwe hugeuka kuwa shahidi wa mwenendo wa jua. Watafiti wa Torino, Italia, walifanya kazi hiyo kwa vimondo 19 vilivyoanguka kati ya mwaka 1766 na 2001. Kimondo cha kuokotwa, hata kikiwa kizuri namna gani, hakiwezi kutumika katika hesabu hiyo, na kipande cha kimondo kilichoshuhudiwa ambacho tarehe yake imepotea nacho hakiwezi.

Ni tangu lini wanasayansi wanakubali kwamba mawe huanguka kutoka angani?

Watu wa kawaida walilijua jambo hilo kabla ya wasomi. Mnamo Novemba 1492 jiwe la takriban kilo 127 lilianguka katika shamba la ngano nje ya mji wa Ensisheim, Alsace, likashuhudiwa na mtoto wa kiume, na wenyeji wakaanza kulimegua kwa ajili ya kumbukumbu hadi wakuu wa mji walipowakataza. Liliwekwa kanisani, na sehemu kubwa iliyosalia, ambayo ni chini ya nusu ya jiwe la awali, bado ipo katika mji huohuo. Hata hivyo, kwa karibu miaka mia tatu baada ya hapo wasomi wengi wa Ulaya waliendelea kusema kwamba habari kama hizo ni za kishirikina, au kwamba mawe hayo ni ya kawaida yaliyopigwa na radi.

Mambo yaligeuka ndani ya muda usiozidi miaka kumi. Mwaka 1794 mwanafizikia Mjerumani Ernst Chladni alichapisha hoja zake kwamba mawe na mapande ya chuma ya aina hii yana asili ya angani. Tarehe 13 Desemba 1795 jiwe la takriban kilo 25 lilianguka Wold Cottage, Yorkshire, na mwenye shamba, Edward Topham, akakusanya ushahidi wa walioshuhudia. Mkemia Edward Howard alichunguza jiwe hilo pamoja na mengine yaliyoanguka katika nchi tofauti, akatangaza mwaka 1802 kwamba yote yanafanana, na kwamba yana chuma chenye nikeli. Kisha tarehe 26 Aprili 1803 mawe takriban 3,000 yalinyesha L'Aigle, Normandy, na serikali ya Ufaransa ikamtuma mwanafizikia Jean-Baptiste Biot kuchunguza. Biot alitembea kijiji kwa kijiji, akahoji watu wasiofahamiana, akaainisha eneo yalikoanguka mawe na kuonyesha kwamba lina umbo la duaradufu. Ripoti yake ilimaliza ubishi. Mkusanyaji mwenye chembe ya L'Aigle ana kitu kilichoshiriki katika kubadilisha mawazo ya wasomi, na ndiyo maana vipande hivyo hutafutwa sana ingawa jiwe lenyewe ni kondraiti, aina ya kimondo cha mawe iliyo ya kawaida kabisa.

Je, Afrika Mashariki ina vimondo vilivyoshuhudiwa?

Ndiyo, na ni vingi kuliko watu wanavyodhani. Duruma, karibu na Mombasa, kilianguka mwaka 1853. Peramiho, katika Ruvuma ya leo, kilianguka mwaka 1899, nacho ni cha jamii ya eukraiti, yaani mawe yanayofanana na lava iliyoganda, inayohusishwa na Vesta, asteroidi au jiwe kubwa linalozunguka jua. Soroti nchini Uganda ilipata kimondo cha chuma mwaka 1945, jambo la nadra, kwa kuwa vimondo vingi vinavyoshuhudiwa ni vya mawe. Thika nchini Kenya ilipata mawe yake tarehe 16 Julai 2011.

Tukio la Mbale, Uganda, la tarehe 14 Agosti 1992 linastahili maneno zaidi. Kimondo kilipasuka angani mchana na mamia ya mawe yakatawanyika juu ya mji na mashamba ya kando yake. Kipande kimoja cha gramu 3.6 tu kiligonga majani ya mgomba, kikapungua kasi, kisha kikamwangukia kijana kichwani bila kumjeruhi. Kwa kuwa watu walikuwapo kila mahali, watafiti waliweza kuweka alama za mahali mawe yalipotua na kuunda upya namna kimondo kilivyovunjika. Hilo lisingewezekana kama wenyeji wasingekuwa tayari kuonyesha kila jiwe liliokotwa wapi.

Ivuna ni kimondo gani, na kwa nini jina lake linajulikana dunia nzima?

Kilianguka tarehe 16 Desemba 1938, jioni, karibu na Ivuna, kusini-mashariki mwa Ziwa Rukwa, eneo ambalo wanaakiolojia wanalijua zaidi kwa uchimbaji wa chumvi wa kale. Kilichohifadhiwa kina uzito wa takriban gramu 705, pungufu ya kilo moja ya unga. Hata hivyo kundi zima la vimondo, linaloandikwa CI (C ni ya kaboni), limepewa herufi yake ya pili kutokana na kijiji hicho, na mtafiti yeyote wa Tokyo, Paris au Houston anayeandika herufi hizo mbili anaitaja Tanzania, ajue asijue.

Vimondo vya CI vilivyoshuhudiwa vinahesabika kwa vidole: Alais cha mwaka 1806 na Orgueil cha mwaka 1864, vyote vya Ufaransa, Tonk cha India cha mwaka 1911, Ivuna, na Revelstoke cha Kanada cha mwaka 1965, ambacho kilipatikana takriban gramu moja tu. Umuhimu wa kundi hili unatokana na kemia yake. Ukiondoa gesi kama hidrojeni na heliamu, pamoja na elementi chache nyingine, uwiano wa elementi ndani ya mawe haya unalingana kwa karibu sana na uwiano unaopimwa kwenye uso wa jua. Kwa maneno mengine, ni mata ileile iliyounda mfumo wetu wa jua, na haijatenganishwa kwa kuyeyuka kama ilivyotokea kwa miamba ya dunia. Wanakemia wa miamba hutumia takwimu za CI kama kipimo cha kulinganishia miamba mingine yote. Nyingi kati ya takwimu hizo zimetoka Orgueil, kwa kuwa kilitoa zaidi ya kilo 10, lakini Ivuna ndicho kinachozithibitisha kutoka bara jingine na mwaka mwingine.

Ajabu ni kwamba mawe hayo hayavutii macho hata kidogo. Chembe ya Ivuna ya ukubwa wa punje ya mchele ni nyeusi isiyong'aa, nyepesi, yenye kumeguka kwa kucha na kuacha vumbi, mithili ya kijipande cha mkaa kilichosahaulika chini ya gunia. Haina zile duara ndogo ziitwazo kondruli ambazo huonekana katika vimondo vingi vya mawe. Chini ya hadubini ya elektroni, hata hivyo, huonekana madini ya udongo yaliyosokotana, vishada vya chembe ndogo sana za magnetaiti, yaani madini ya chuma yenye sumaku, na fuwele za kabonati, vyote vikiwa alama za maji yaliyopita ndani ya asteroidi mama muda mfupi baada ya mfumo wa jua kuanza.

Niliwahi kusoma kwamba mabaki ya viumbe hai yalionekana ndani ya Ivuna. Ni kweli?

Ni kweli kwamba madai hayo yalitolewa, na si kweli kwamba yalithibitishwa. Mwaka 1961 George Claus na Bartholomew Nagy walichapisha katika jarida la Nature maelezo ya maumbo madogo waliyoyaona ndani ya Orgueil na Ivuna, wakayaona yanafanana na visukuku vya vijidudu. Wengine walipochunguza upya walionyesha kwamba baadhi yalikuwa chavua za mimea ya dunia na mengine yalikuwa chembe za madini.

Katika mjadala huohuo ulifichuka udanganyifu ambao kila mkusanyaji anapaswa kuujua. Kipande cha Orgueil kilichokuwa kimehifadhiwa ndani ya chupa ya kioo huko Montauban kilikutwa na mbegu za mmea pamoja na vijipande vya makaa ya mawe, vyote vikiwa vimegandishwa kwa gundi ili vionekane kuwa sehemu ya jiwe. Uchunguzi wa miaka ya 1960 ulionyesha kwamba kazi hiyo ilifanywa karibu na wakati wa kuanguka kwenyewe, mwaka ambao wasomi wa Ufaransa walikuwa wakibishana vikali kama uhai unaweza kuzuka wenyewe. Aliyefanya hivyo hakujulikana kamwe, na mtego wake ulikaa karibu miaka mia moja bila kumnasa mtu.

Kilichothibitishwa ni tofauti, nacho si kidogo. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2001 ulipata asidi amino ndani ya Orgueil na Ivuna, hasa glisini na beta-alanini, na dalili zilionyesha kwamba ziliundwa angani kwa njia za kikemia bila uhai wowote kuhusika.

Sasa kwa kuwa vyombo vya angani vimeleta sampuli za asteroidi, je, vipande hivi vya zamani bado vina kazi?

Vina kazi zaidi ya awali. Chombo cha Japani, Hayabusa2, kilileta takriban gramu 5.4 za asteroidi Ryugu mnamo Desemba 2020, na uchambuzi ulionyesha kwamba kemia yake ni ya kundi la CI. Kwa mara ya kwanza watafiti waliweza kuweka sampuli isiyoguswa na hewa yetu kando ya mawe yaliyokaa kabatini kwa miongo. Tofauti ilikuwa wazi: Ryugu haina zile salfeti nyeupe zilizojaa kwenye nyufa za Orgueil, ambazo tayari zilikuwa zimeshukiwa kuwa zimetokana na unyevu wa dunia. Sampuli za asteroidi Bennu, gramu 121.6 zilizoletwa na chombo cha Marekani mwaka 2023, zimepanua ulinganisho huo. Bila Ivuna na wenzake, wanasayansi wasingekuwa na kitu cha kulinganisha nacho, na bila sampuli hizo tusingejua ni kiasi gani tumeharibu tulivyokuwa navyo.

Nitajuaje kwamba kipande ninachouziwa ni halisi?

Hapa ndipo wengi hupoteza fedha, kwa hiyo nitajibu kwa urefu. Maabara inaweza kukwambia kwamba jiwe ni kimondo, na inaweza kukutajia aina yake, lakini kwa kawaida haiwezi kukwambia lilianguka siku gani. L'Aigle na Wold Cottage vyote ni kondraiti za aina ambayo wataalamu huiita L6, aina ambayo ina maelfu ya ndugu waliookotwa majangwani. Mtu akichukua kipande cha L6 cha Sahara chenye ganda jeusi la kuungua lililobaki vizuri na kukiandikia jina la kihistoria, jicho lako halitagundua, na huenda hata uchambuzi wa gharama usigundue. Uhalali wa kipande cha kihistoria umo katika mnyororo wa kumbukumbu zake kuliko katika jiwe lenyewe.

Mnyororo huo huwa na vitu vya kushikika. Makumbusho ya zamani yaliandika namba za orodha moja kwa moja kwenye jiwe kwa rangi, mara nyingi juu ya doa dogo jeupe, na namba hiyo inapaswa kupatikana katika orodha iliyochapishwa. Harvey Nininger, Mmarekani aliyekusanya vimondo maisha yake yote, alizipa namba sampuli zake, na mkusanyo wake uligawanywa kati ya British Museum na chuo kikuu cha jimbo la Arizona, hivyo namba zake zinaweza kufuatiliwa. Pamoja na jiwe huja lebo: kikaratasi kilichobadilika rangi, jina la kimondo, tarehe, uzito kwa gramu, wakati mwingine jina la makumbusho iliyobadilishana kipande hicho na nyingine. Linganisha uzito ulioandikwa na uzito wa mizani yako, na kama jiwe limekatwa baada ya hapo, dai maelezo ya nani alikata na vipande vingine vilikwenda wapi. Muuzaji mwaminifu hachukii maswali hayo. Anayekujibu kwamba lebo ilipotea lakini "jiwe linajieleza lenyewe" muache na jiwe lake.

Kwa Ivuna hasa, tahadhari iwe maradufu, kwa kuwa kiasi chote kilichopo ni kidogo na sehemu kubwa imo mikononi mwa taasisi. Makumbusho ya historia ya asili ya London ilipata mwaka 2008 kipande cha takriban gramu 200 ambacho kilikuwa kimetunzwa ndani ya nitrojeni. Mtu anayedai kuuza gramu kadhaa bila karatasi yoyote anapaswa kutiliwa shaka tangu salamu ya kwanza.

Naishi pwani. Nihifadhi vipi vipande vyangu?

Joto la chumvichumvi la Mombasa, Tanga, Dar es Salaam na Unguja ni adui wa kila kimondo. Weka kila kipande ndani ya kisanduku kinachofunga vizuri pamoja na kifuko cha silika ya kunyonya unyevu, na ukikaushe au kukibadilisha kifuko hicho mara kwa mara. Usishike jiwe kwa mkono mtupu, usilioshe, usilipake mafuta ya kuzuia kutu ikiwa kuna uwezekano wa kufanyiwa utafiti, na usibandike chochote kwa gundi. Vimondo vya CI havivumilii maji kabisa. Tone moja linaweza kukivuruga kipande kizima. Lebo nayo ihifadhiwe ndani ya mfuko wake, mbali na mwanga na mchwa, na ipigwe picha pande zote mbili.

Je, sheria inaruhusu kumiliki na kusafirisha vimondo?

Inategemea nchi. Afrika Kusini hulinda vimondo chini ya sheria yake ya urithi ya mwaka 1999, na Oman hairuhusu kuvitoa nchini bila idhini. Kabla ya kununua, kuuza au kuvusha mpaka, uliza kwa maandishi mamlaka ya mambo ya kale au ya jiolojia ya nchi husika, na uhifadhi jibu lao pamoja na lebo. Kwa maoni yangu, hata pale sheria inaponyamaza, sehemu ya kila kimondo kinachoanguka kwetu inapaswa kubaki kwetu, katika makumbusho au chuo kikuu ambako mwanafunzi wa hapa anaweza kukifikia bila viza.

Nifanye nini nikishuhudia kimondo kikianguka?

Andika saa, mahali uliposimama, upande mwanga ulikotokea na ulikoelekea, na muda uliopita kabla ya kusikia kishindo. Ukipata jiwe, lipige picha likiwa palepale lilipotua, likiwa na kitu cha kuonyesha ukubwa wake, kisha rekodi kwa simu namba za GPS za mahali hapo. Liokote kwa mfuko safi wa plastiki au karatasi ya alumini. Usilijaribu kwa sumaku, kwani sumaku hufuta kumbukumbu ya nguvu za sumaku za kale iliyomo ndani yake. Halitakuunguza wala mionzi yake haitakudhuru. Wasiliana na idara ya jiolojia ya chuo kikuu kilicho karibu au, kwa Tanzania, taasisi ya jiolojia iliyopo Dodoma. Ili kimondo kipya kiandikishwe kimataifa, gramu 20, au asilimia 20 ya uzito wote kama kimondo ni kidogo, lazima ziwekwe katika taasisi inayotambulika. Mvua ikikaribia, usisubiri mtaalamu afike: okota kwanza, ukiwa umeshapiga picha.

Naweza kukimegua kipande changu ili nigawane na mwenzangu?

Kama kina ganda kamili la kuungua au namba ya makumbusho, tafadhali usikimegue. Kama ni lazima, pima uzito kabla na baada, kusanya hata vumbi lililodondoka, maana vumbi la CI linatosha kufanyiwa uchambuzi wa isotopu, na umpe mwenzako nakala ya lebo yenye maelezo kwamba kipande chake kimetoka kwenye chako, siku gani, na kikiwa na gramu ngapi.